Muulize Bibi Nesi: Baba kaendesha ambulensi miaka 23, medali yake iko wapi?

Haya wajukuu zangu wa Kigoma na Tabora, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinaangukia palepale, naona kuna picha imezunguka kwenye simu za watu, mama mmoja wa Kizungu wa ambulensi anavishwa medali kifuani, basi kila mtu kaiona na kila mtu ana lake la kusema. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imenigusa mwenyewe, hizo nyingine tutaenda nazo mchakamchaka.

Shikamoo Bibi. Niko hapa Gungu. Baba yangu kastaafu mwaka huu, ameendesha gari la wagonjwa miaka 23, kwanza kwenye kituo cha afya huko vijijini halafu wakamhamishia hospitali. Siku ya kumuaga wakampa jiko la gesi, vitenge viwili vya mama, na cheti cha shukrani ambacho jina lake wamekosea herufi. Tukala migebuka, tukapiga picha, ikaisha. Sasa nimeona wenzetu wanavishwa medali na serikali yao. Hivi wanapewaje? Huku kwetu ipo? Na mimi kama binti yake naweza kufanya nini? Mwenyewe nikimwambia anasema niachane nayo, eti yeye alikuwa dereva tu. — Binti wa Dereva, Gungu

Marahaba mwanangu. Ngoja nianze na hapo mwisho, kwenye hiyo "dereva tu", maana hilo neno limesumbua watu mbali sana na Gungu.

Mwaka 1989 wafanyakazi wa ambulensi wa Uingereza waliingia kwenye mgogoro mkubwa na serikali yao. Walichotaka ni mshahara upangwe kwa utaratibu kama wa polisi na zimamoto, yaani wahesabiwe na wao ni watu wa dharura. Waziri wa Afya wa wakati huo, Kenneth Clarke, akasema wengi wao ni madereva, kazi ya maana sawa, lakini si ya kipekee. Weee! Nchi ikachafuka. Wananchi wakasaini kuwaunga mkono, saini zaidi ya milioni 4, na mgogoro ukaenda mpaka mwanzoni mwa 1990 ndio ukatulia. Kwa hiyo mwambie baba yako hiyo kauli yake alishaitoa waziri mzima na ikamletea balaa.

Sasa angalia miaka. Polisi wa kule walianza kupata medali yao ya utumishi mrefu mwaka 1951. Zimamoto 1954. Watu wa ambulensi je? 1996. Zaidi ya miaka 40 wanawatazama wenzao wanavishwa na wao wanabeba machela. Na ile ya heshima zaidi, ya mtu aliyefanya makubwa kuliko kawaida, polisi waliwekewa 1909, watu wa ambulensi wakawekewa 2012, karne na ushee. Ilipoanza ilikuwa inaitwa ya Malkia, ila tangu Malkia Elizabeth afariki 2022 inaitwa ya Mfalme.

Kwa nini walichelewa hivyo? Mimi nikisoma hii historia naona jibu moja tu, kazi yao ilikuwa haina kwao. Mpaka 1974 ambulensi za England na Wales zilikuwa mali ya halmashauri, kama zetu tu, ndipo zikahamishiwa kwenye huduma ya afya ya taifa. Polisi ana jeshi lake, ana namba, ana faili linaloanza siku alipoapa. Mtu wa gari la wagonjwa alikuwa anaonekana ni usafiri. Na usafiri hauvishwi medali mwanangu, usafiri unabadilishwa oili.

Hiyo ya 1996 wanaitoa hivi: uwe umetumikia miaka 20, kwenye kazi za dharura, na uwe na tabia njema, basi. Hawakuulizi umeokoa wangapi. Wakanada walitangulia kidogo, wao walianzisha ya kwao 1994, nayo ni miaka 20 lakini angalau 10 iwe kwenye kazi yenye hatari yenyewe, siyo umekaa ofisini unapanga zamu, na ukiongeza miaka 10 mingine wanakuongezea kipande cha kubandika kwenye utepe. Australia ya kwao ni ya 1999 na ni aina nyingine kabisa, hiyo hawahesabu miaka, wanatafuta mtu aliyefanya kazi ya kutukuka. Kwa hiyo ziko medali za kuhesabu na ziko medali za kuchagua. Baba yako na miaka yake 23 ni mtu wa medali ya kuhesabu, na mimi kusema ukweli hizo ndizo nazipenda, maana za kuchagua huwa zinawajua watu wanaojulikana.

Haya turudi nyumbani. Tanzania nishani zipo, Rais ndiye anazitoa, na mara nyingi utasikia kwenye sherehe kubwa kama za Muungano. Tunayo Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, umesikia hayo maneno? Ni yaleyale ya Waingereza, tulirithi mpaka jina. Wanaoivaa utawaona ni watu wa vyombo, Polisi, Magereza, wanajeshi. Mtumishi wa kawaida wa halmashauri njia yake ni Mei Mosi, mfanyakazi bora, cheti na bahasha. Medali yenye jina la ambulensi hatuna.

Na sababu ni ileile ya Waingereza. Gari ni la halmashauri. Dereva ni dereva, barua yake ya ajira haisemi ambulensi, leo kabeba mgonjwa kesho anatumwa kumpeleka bwana shamba. Nesi anayepanda nyuma katolewa wodini dakika hiyohiyo, akirudi anaendelea na zamu. Sasa hiyo miaka 20 nani ataihesabu na ataihesabu kutoka wapi?

Ngoja nikupe kisa ndio utanielewa. Usiku mmoja wa masika, enzi hizo barabara ya Kasulu kuja Kigoma bado ya vumbi, na ukisema vumbi masika maana yake tope, nilipanda na mama mmoja ana pacha. Wa kwanza kazaliwa salama kituoni, wa pili kagoma, kalala vibaya, tunakimbilia mjini. Kistendi cha dripu kilishavunjika siku nyingi, dereva akachana bandeji akaifunga chupa kwenye kile kishikio cha juu ya dirisha. Tukaondoka. Mimi nimepiga magoti nyuma, yeye mbele anaita tu, "Sista, shimo," nashika, "Sista, daraja," nashika tena, na hakukosea hata moja, yaani ile barabara alikuwa ameihifadhi kama mtoto wa madrasa. Tukafika mahali hata kijiji hakuna, nikasikia gari linapunguza mwendo linasimama na mimi sijasema kitu. Alikuwa ananiangalia kwenye kioo. Akazima injini, akaacha taa ya ndani, akaja nyuma, akamchukua Kulwa kutoka ubavuni kwa mama yake akamtia ndani ya koti lake la kaki akafunga vifungo, tochi akaing'ata kwa meno, mikono miwili akamshika mama mabega. Doto akazaliwa hapohapo, mvua inapiga bati la gari mpaka hatusikiani. Hakulia haraka yule mtoto. Nilimsugua mgongo nikamsugua, na dereva na tochi yake mdomoni akawa anatoa sauti puani, mmh, mmh, kama anamsukuma alie. Akalia.

Asubuhi nikamkuta anajaza logi buku. Tarehe, kutoka, kwenda, kilomita za kutoka na za kurudi, dizeli lita ngapi, saini. Kwenye sababu ya safari kaandika "mgonjwa 1". Mmoja! Tulifika watatu. Nikamwambia mbona hivyo, akanicheka, akasema, "Sista, hiki kitabu cha gari."

Na ni kweli, kile kitabu ni cha gari. Gari lina faili, limebadilishwa tairi lini, limeingia gereji mara ngapi, limetembea kilomita ngapi tangu lizaliwe, na likichoka linaandikiwa taarifa ndefu ya kuuzwa mnada. Aliyekuwa analiendesha hana hata ukurasa.

Kwa hiyo wewe mwanangu usianze kuhangaika na medali, anza na ukurasa. Kaa na baba yako jioni, usimwambie unataka kuandika historia atakukimbia, mwulize tu, "baba lile gari la kwanza lilikuwa lipi?" Madereva hukumbuka kwa magari. Atakwambia hiyo Land Cruiser ilikuja mwaka fulani, kabla yake kulikuwa na ile mbovu, na humo humo utapata alikuwa wapi mwaka gani na alimbeba nani. Andika. Halafu nenda kwa mwajiri wake, taratibu bila ugomvi, na barua ya kuomba vitu viwili. Cha kwanza, barua ya utumishi inayotaja kwa maneno kwamba kati ya mwaka huu na huu aliendesha gari la wagonjwa, siyo "dereva" peke yake. Cha pili, kile cheti kirudi kikaandikwe jina sawasawa. Hapo usione haya. Medali ya Waingereza jina la mtu linachongwa ukingoni kwenye chuma chenyewe, hebu fikiria fundi angekosea herufi pale. Karatasi inachapishwa upya kwa dakika mbili, na wino wa kompyuta ni wa serikali.

Na siku ikija hiyo nishani yetu, maana vitu huja, wa kwanza kupewa watakuwa wenye karatasi.

Bibi mimi nasema medali inaliwa? Ni dereva wa ambulensi hapa Tabora, nadai posho za kulala nje tangu mwaka jana, kingine kikokotoo cha pensheni ndio hicho, halafu watu wanajadili vyuma vya kifuani. Tusidanganyane. — Mchovu wa Isevya

Pole baba. Na sijakukatalia, hailiwi. Hiyo ya Waingereza hata siyo dhahabu, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli kama sarafu, ukiipeleka kwa sonara wa Tabora mjini atakurudishia anacheka.

Tena nikuongezee hoja maana naona umekuja na moja tu. Mwaka 2020 wakati wa korona, Waingereza kila Alhamisi saa mbili usiku walikuwa wanatoka mlangoni wanawapigia makofi watu wa afya, wiki 10 nzima, wengine na sufuria. Mwaka uliofuata Malkia akaipa huduma nzima ya afya ya taifa Msalaba wa George, ile heshima yao kubwa kabisa ya ushujaa kwa raia. Heshima moja kwa watu zaidi ya milioni moja. Haigawanyiki. Miaka miwili haijaisha, Desemba 2022, watu wa ambulensi hao hao wakagoma kwa ajili ya mshahara. Kwa hiyo ukiniambia makofi hayanunui unga nitakwambia hata walioyapigiwa walisema hivyohivyo.

Na hata medali yenyewe ina walioachwa nje. Ile ya 1996 ni ya kazi za dharura, mtu aliyeendesha miaka 20 anawapeleka wazee kliniki na kuwarudisha nyumbani hahesabiki. Na yeye anaamka saa kumi alfajiri, na yeye anabeba watu ngazini. Unafikiri wakikutana kantini wanatazamana vipi?

Ila sasa nikubishie kidogo. Wewe unaona posho ni kitu kimoja na heshima kitu kingine, mimi naona zinatoka mfuko mmoja. Wale wa 1989 walikuwa wanadai hela, siyo medali, lakini jibu walilopewa lilikuwa ninyi ni madereva. Ukishaitwa jina dogo unalipwa jina dogo. Posho yako ingekuwa ya ofisa wa maana ingekaa mwaka mzima mezani kwa mhasibu? Hebu sema kweli.

Ushauri wangu kwako: dai posho kwanza, kwa maandishi, ambatisha kopi za ruhusa za safari na kurasa za logi buku, tunza nakala nyumbani siyo kwenye dashibodi. Na ikitokea Mei Mosi wakakuita jukwaani wakakupa cheti kabla ya posho, kipokee, shukuru, piga picha, halafu Jumatatu rudi kwa mhasibu na faili lako. Mtu asikulipe deni kwa cheti.

Bibi Nesi habari za kazi. Mimi ni volontia wa Msalaba Mwekundu huku Kasulu, nimesaidia kambi ya wakimbizi Nyarugusu kubeba wagonjwa na huduma ya kwanza miaka sasa. Sisi tusio na ajira kuna chochote chetu au ndio sadaka? — Volontia, Kasulu

Kipo, na kina jina kubwa. Inaitwa Medali ya Florence Nightingale, ya Msalaba Mwekundu wa kimataifa. Ilianzishwa 1912 na ya kwanza kutolewa ilikuwa 1920, maana katikati pale dunia iliingia vitani. Inatolewa kila baada ya miaka miwili, hazizidi 50 kwa dunia nzima, majina yanatangazwa tarehe 12 Mei ambayo ndiyo siku aliyozaliwa huyo mama. Na sikiliza hapa, wanaostahili ni manesi pamoja na watu wa kujitolea wanaosaidia uuguzi. Hawatazami ajira. Wanatazama ujasiri na moyo wa kuhudumia majeruhi na wagonjwa kwenye vita au maafa, au kazi ya mfano kwenye afya ya jamii na kufundisha uuguzi.

Mtu haombi mwenyewe, chama cha nchi yake ndicho kinapeleka jina. Chama chetu kipo kisheria tangu 1962, kwa hiyo njia ni kupitia tawi lako hapo mkoani. Na tawi litakuuliza nini? Utalijua jibu kama umesoma barua ya juu. Umesaidia lini, wapi, nani alikusimamia. Volontia ndio wabovu zaidi kwa hilo, mnaona kuandika ni majivuno. Nunua daftari la shilingi chache.

Wenzako wa St John, wale wa huduma ya kwanza, nao wana ya kwao ya utumishi, ya tangu 1898, na kituko chake ni kwamba mpaka leo ina sura ya Malkia Victoria. Bibi wa watu kafa 1901, wafalme wangapi wamepita, wao wamemwacha hapohapo. Hiyo sura ilichongwa na binti yake mwenyewe, labda ndio maana hawana moyo wa kuitoa.

Bibi mimi mwalimu wa shule ya msingi Urambo. Ambulensi ilikuja shuleni kwetu watoto wakaona nyoka amechorwa ubavuni, mmoja akaniuliza mwalimu hiyo ni gari ya mganga wa kienyeji? Nikakosa jibu.

Huyo mtoto mpe zawadi. Nyoka na ile fimbo ni vya Asklepio, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale, kwa hiyo kusema kweli hajakosea sana, ni mganga wa kienyeji wa Ugiriki. Ile nyota ya bluu yenye mikono sita iliyomzunguka ilibuniwa Marekani miaka ya 1970 kuwa alama ya huduma za dharura, na kila mkono una kazi yake: kugundua tatizo, kutoa taarifa, kufika, kuhudumia palepale, kuhudumia njiani, kumkabidhi mgonjwa hospitali. Waambie watoto wahesabu kwa vidole. Ule wa tano, wa njiani, ndio wa Kulwa na Doto.

Shikamoo Bibi. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Waingereza, alikwenda vita Burma, alikuwa kwenye kikosi cha kubeba majeruhi. Katuachia nyota ya shaba nyeusi nyeusi ina ncha sita, haina jina lolote. Kuna mjomba anasema siyo ya babu, kainunua. Halafu naruhusiwa kuivaa kwenye harusi? — Mjukuu, Kanyenye, Tabora

Marahaba. Mwambie mjomba apumzike. Nyota za vita vile vya pili Waingereza waliwapa askari wao bila kuchonga jina, walikuwa wanazigawa kwa wingi mno. Nyota ya Burma ni ya ncha sita kweli, na Keya kweli walikwenda Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944. Kukosa jina hakumfanyi babu yako mwongo. Tafuta utepe wake kama upo sandukuni, una bluu iliyoiva pembeni, mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa. Usiisugue na majivu! Nakujua, ndio ulichokuwa unataka kufanya kabla ya harusi.

Kuvaa, desturi ya wenye medali zao ni kwamba aliyeipata anaivaa kifua cha kushoto, ndugu wa marehemu anaivaa kulia. Ukiivaa kulia kila anayejua atajua unamkumbuka mtu, ukiivaa kushoto ukakutana na mzee anayejua atakuuliza ulipigana wapi.

Ila wewe una bahati sana. Waliobeba machela na mizigo vita vya kwanza, vile vilivyopita mpaka hapo kwenu Tabora 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, walikufa kwa makumi ya maelfu na wengi hata jina halikuandikwa popote. Walichobakiza ni neno. Kikosi chao cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, watu wakalitamka walivyoweza, na kambi yao Dar es Salaam ndiyo leo tunakwenda kununua mitumba, Kariakoo. Na kwenye sanduku la babu weka karatasi, andika jina lake kamili, kijiji chake, na kwamba alikuwa mbeba majeruhi, kabla mjomba hajapata wajukuu.

Bibi swali fupi, mke wangu ana ujauzito wa miezi minane tuko kijijini ziwani huku Uvinza, ile namba ya gari la wajawazito ni ngapi na wanatoza?

Ni 115, bure, hata simu ikiwa haina salio. Ni mfumo wa m-mama, ulizinduliwa kwa nchi nzima Aprili 2022, ni kwa ajili ya wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Ambulensi ikiwa mbali wanamtuma dereva wa palepale aliyesajiliwa na yeye wanamlipa wao, kwa hiyo usikubali kutoa hela. Wewe uko ziwani, kwa hiyo usingoje uchungu. Nenda wiki hii zahanati ukaulize chombo cha majini kinapatikanaje usiku na ziwa likichafuka inakuwaje, na kama nesi atakwambia mhamie karibu na kituo wiki za mwisho, hameni. Ukipiga taja kwanza kijiji na kitongoji, halafu hali ya mama, halafu ndio salamu. Na namba ya dereva atakayewachukua, iandike pembeni ya kadi ya kliniki, pamoja na jina lake.